Kujitolea ufundi wako kwenye karakana ya kompyuta za zamani: pa kuanzia na pa kuwa makini

Kila Jumamosi saa tatu asubuhi naingia kwenye karakana moja hapa Dar es Salaam. Inapokea kompyuta ambazo maofisi yamezichoka, inazikarabati, kisha inazipeleka shule za sekondari. Mshahara hakuna. Wanaokuja kuuliza namna ya kujiunga ni wa kila aina: vijana waliomaliza chuo cha kompyuta na bado wanatafuta kazi, mafundi wenye vibanda Kariakoo, hata mhasibu mmoja mstaafu ambaye hajawahi kushika bisibisi. Wote wanataka kujua waanzie wapi. Nimeona niandike yale ninayowaambia.

Nianze na jambo linaloongoza mengine yote. Kibandani kwako kazi imekwisha mashine ikiwaka na mteja akalipa. Huku mashine inakwenda kijijini, fundi wa karibu yuko mjini, na shule haina fungu la kumlipa nauli. Kwa hiyo kipimo chetu ni kingine: imepona ile kompyuta ambayo mwalimu ameitumia mwaka mzima bila kutupigia simu. Ukiwa na kipimo hicho kichwani, utajua mwenyewe kipi cha kukihangaikia na kipi cha kukiacha.

Waulize kabla hujaomba nafasi

Asasi za kazi hii zipo, na baadhi zina umri. Kenya wana Computers for Schools Kenya tangu mwaka 2002. Close the Gap ilianzia Ubelgiji mwaka 2003 na sasa iko Mombasa pia. Portland, Marekani, kuna Free Geek iliyoanza mwaka 2000. Mtindo walioanza nao Free Geek umeigwa kwingi, kwamba mtu asiyejua kitu anaanza kwa kubomoa mashine mbovu, anajifunza kuziunda, na baada ya saa kadhaa za kujitolea anaondoka na kompyuta yake. Na kama uko Ulaya, iangalie Labdoo: msafiri anayerudi nyumbani akiwa na nafasi kwenye begi hubeba laptop moja au mbili zilizokwisha kuandaliwa kwa ajili ya shule. Njia hiyo ni nzuri sana kwa ndugu zetu walio nje. Angalizo langu ni kwamba betri ya lithiamu ya akiba haiwekwi kwenye mzigo unaokwenda tumboni mwa ndege. Inakaa begi la mkononi.

Popote utakapochagua, nenda ukawaone kwa macho, kisha uliza mambo matatu. Kompyuta zinatoka wapi? Nani anafuta data za wenyewe, na ushahidi wa kufutwa uko wapi? Na zile zilizokufa kabisa zinakwenda wapi? Hilo la tatu ndilo linalokuonyesha undani wa watu. Wakikujibu kwamba kuna kijana anapita na mkokoteni kuchukua vyuma, ujue nyaya zitachomwa moto mahali fulani ili shaba itoke, na kuna watoto watavuta moshi huo. Jibu hilo halina maana uwakimbie. Pengine kazi yako ya kwanza ya kujitolea ndiyo hiyo, kuwatafutia njia iliyo bora.

Sema unachokiweza, taja na siku

Mtu akija na kuniambia "mimi naweza kila kitu" simwekei meza. Nampa meza anayesema: naweza kubadilisha kioo cha laptop, naweza kupiga Windows na Linux (yaani kuiwekea kompyuta mfumo endeshi), kulehemu kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, siwezi. Hapo najua nimpe nini na nimwoneshe nini.

Nawe usidhani wanaotakiwa ni mafundi tu. Yule mhasibu mstaafu ndiye anayeshika daftari la mapokezi, na tangu aje hatujawahi tena kupeleka shule laptop yenye chaji isiyo yake. Anayejua mitandao anahitajika. Mwalimu anayeweza kuandika maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili kinachoeleweka anahitajika kuliko mafundi wawili. Hata kutafsiri programu ni kujitolea ufundi: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na kazi ya namna hiyo haijawahi kwisha.

Kisha taja siku. Saa nne za kila Jumamosi kwa miezi sita zinatufaa kuliko wiki moja nzima ya kukesha halafu usionekane tena. Laptop iliyofunguliwa na fundi aliyepotea ni hasara tupu: skrubu ziko kwenye kikombe gani hakuna ajuaye, na mwingine akiifunga atabaki na mbili mkononi.

Kama wewe ni kijana unayetafuta kazi, omba waandike saa zako na kazi ulizofanya, na baadaye uombe barua. Omba na nauli kama huna. Hiyo si tamaa. Asasi inayoheshimu watu wake itakuelewa, na isiyo na fedha itakwambia wazi.

Meza ya mapokezi

Anza hapa hata kama wewe ni bingwa wa mazabodi. Kila mashine inayoingia ipewe namba, ibandikwe lebo, iandikwe daftarini: imetoka kwa nani, tarehe, aina, namba ya kiwandani, prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda), diski. Usikisie kwa kuangalia nje. Iwashe kwa flashi yenye Linux, uendeshe programu ndogo za inxi au dmidecode, zitakusomea zenyewe kila kilichomo ndani. Chaji ifungwe na laptop yake kwa kamba saa hiyohiyo. Chaji zikishachanganyika kwenye boksi utajuta: volti lazima zilingane na zile zilizoandikwa chini ya laptop, na ampea za chaji zisipungue zinazotakiwa.

Hapo mapokezi ndipo pia unapozipanga kwa aina. Hili nalisisitiza kwa kila mgeni. Kompyuta 20 za aina moja zina thamani kuliko 40 za aina kumi. Zikiwa za aina moja, nakala moja ya mfumo inaingia kwenye zote, na ikifa moja inakuwa spea ya nyingine 19. Mwalimu akishajifunza kubadilisha RAM kwenye moja, amejifunza zote. Kwa hiyo ikija shehena ya ofisi moja yenye mashine zinazofanana, pigana isigawanywe.

Mwili wako kwanza

Pawa saplai ya kompyuta ya mezani usiifungue. Kapasita zake hubaki na umeme hata ikiwa imechomolewa. Skrini za chogo ni mbaya zaidi, zinashika maelfu ya volti. Hizo zipelekwe kuchakatwa zikiwa nzima. Betri ya laptop iliyovimba usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe. Itoe polepole bila chuma chenye ncha, iweke kwenye ndoo ya mchanga mkavu nje ya jengo.

Vumbi pulizia nje, umevaa barakoa. Na unapopuliza feni kwa blowa, ishike kwa kidole isizunguke, maana ikizungushwa kwa upepo mkali beringi zake zinaumia. Kabla ya kugusa RAM au bodi, gusa chuma kitupu cha boksi ili umeme tuli uliokaa mwilini mwako utoke.

Kufuta data

Hapa ndipo nitakaa, maana hapa ndipo asasi inajengwa au inakufa. Siku moja ililetwa mashine kutoka ofisi ambayo mtu wao wa IT alituhakikishia ameshafomati kila kitu. Tuliirejesha diski kwa programu ya bure ili kupima tu. Ndani ya dakika chache majina ya faili yakaanza kujipanga kwenye kioo: orodha za mishahara, nakala za vitambulisho. Tuliifunga hapohapo na kuifuta. Tangu siku hiyo hatuamini neno la mtu kuhusu diski, na wewe usiamini.

Kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya vilivyomo; vyenyewe vinabaki palepale. Ni kama kung'oa ukurasa wa yaliyomo kwenye kitabu. Kufuta kwa kweli kunategemea aina ya diski.

Diski inayozunguka unaiandika juu yake yote, mwanzo hadi mwisho. Programu ninayoipenda ni nwipe, inayopatikana kwenye flashi ya ShredOS; inafuta diski kadhaa kwa pamoja. Watu wengi bado wanaamini lazima ufute mara saba au zaidi. Kwa diski za sasa mara moja inatosha, na hivyo ndivyo usemavyo mwongozo namba 800-88 wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Panga muda wako: diski ya GB 500 ikiandika MB 100 kwa sekunde inachukua kama saa moja na dakika 23, ya TB 1 inakaribia saa tatu. Ziwashe asubuhi unapofika, ufanye kazi nyingine.

SSD, ile diski isiyozunguka inayohifadhi kwenye chipu, ni habari tofauti, na hapa mafundi wazuri hukosea. SSD ina nafasi za akiba ambazo kompyuta haizioni, na hutawanya maandishi ili chipu zisichakae upande mmoja. Ukiandika juu yake mara kumi, bado vipande vya zamani vinaweza kubaki kwenye akiba. Tumia amri ya kujifuta iliyomo ndani ya SSD yenyewe: kwa SSD ya aina ya SATA unaiita kwa programu ya hdparm, kwa ile ya aina ya NVMe unatumia nvme format yenye chaguo la kufuta data (--ses=1), na baadhi ya laptop zina chaguo hilo ndani ya BIOS, ile programu inayoamka kwanza kompyuta ikiwashwa. Hdparm ikikwambia diski imegandishwa, ilaze laptop usingizi kisha iamshe; mara nyingi inafunguka.

Ukimaliza, hakiki. Soma sehemu mbalimbali za diski uone hakuna kitu. Andika daftarini namba ya diski, njia uliyotumia, tarehe na jina lako. Aliyetoa kompyuta apewe cheti chenye namba hizo. Cheti hicho ndicho kitakachomfanya mwakani alete nyingine 50, na ndicho kinachomlinda kisheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Diski isiyokubali kufutwa haitoki mlangoni ikiwa nzima. Itoboe kwa drili, vaa miwani, kwa sababu sahani za diski nyingi za laptop ni za kioo na hupasuka vipande. Kwa SSD, tundu lazima lipite kwenye kila chipu ya kumbukumbu. Tundu moja katikati ya plastiki halijaharibu kitu.

Kuna na hili la moyoni mwako. Utaona picha za harusi, utaona barua. Usifungue. Hata kama mwenyewe hatajua kamwe, yule uliyekaa naye meza moja atajua wewe ni mtu wa namna gani.

Wakati mwingine mashine imefungwa kwa neno la siri la BIOS, au ukishapiga Windows inadai barua pepe ya kampuni iliyoitoa. Usitafute njia za panya. Mpigie aliyeitoa, aiondoe kwenye akaunti yake. Akikataa au hajulikani, jiulize ilifikaje hapo, umwambie kiongozi wa karakana.

Kupima

RAM ipimwe kwa Memtest86+ mzunguko kamili, ikiwezekana ilale ikipimwa. RAM mbovu ndiyo mama wa matatizo yasiyoeleweka: leo programu inajifunga, kesho faili limeharibika, na kila fundi atasema ni virusi.

Diski isomwe kwa programu ya smartctl. Angalia sekta (vipande vya diski) zilizohamishwa kwa ubovu na sekta zinazosubiri kuhamishwa. Sheria yetu ni kwamba ikiwa na sekta hata moja inayosubiri haiendi shule. Betri linganisha uwezo wake wa sasa na ule wa kiwandani. Linux inakuonyesha kwa amri ya upower. Kisha bonyeza kila kitufe cha kibodi, kila kimoja, chomeka flashi kwenye kila tundu la USB, sikiliza spika, jaribu Wi-Fi ukiwa mbali na ruta.

Na betri ndogo ya saa, ile ya duara iitwayo CR2032. Watu wanaipuuza kwa sababu kompyuta inawaka bila hiyo. Mwalimu mmoja alitupigia: "Fundi, shikamoo zenu huko, ila intaneti yenu imeharibika." Intaneti ilikuwa nzima. Betri ya saa ilikuwa imekufa, kila umeme ukikatika tarehe inarudi miaka mingi nyuma, na kivinjari kikiona tarehe ya kale kinakataa vyeti vya usalama vya tovuti. Tulisafiri siku nzima kwa ajili ya betri inayopatikana duka lolote la saa. Betri mpya ni volti 3. Ipime kwa mita, na kwa mashine iliyozidi miaka mitano mimi naibadilisha bila hata kupima.

Kukarabati, na kujua pa kuacha

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Laptop ya miaka kumi iliyokuwa ikichukua dakika nne kuwaka itakushangaza. Cha pili ni kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8. Cha tatu hakina gharama kubwa: safisha feni, futa ile pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipozajoto, paka mpya kidogo tu, kiasi cha punje ya mchele. Mashine inayojizima baada ya nusu saa kwenye darasa lenye joto la Machi mara nyingi inaumwa hapo.

Mafundi wazuri wana udhaifu mmoja, hawapendi kushindwa na bodi. Kibandani unaweza kuikesha. Huku kuna nyingine 30 zinasubiri. Nimejiwekea saa mbili. Zikipita bila dalili ya kupona, inavuliwa RAM, kioo, kibodi na skrubu, inaandikwa daftarini kuwa ni spea. Kioo chake kitaokoa nyingine wiki ijayo.

Mfumo endeshi

Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa waliojiandikisha kwenye muda wa nyongeza. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Ndiyo maana maofisi yanatoa mashine nyingi nzima kabisa sasa hivi. Ni neema kwetu tukijua la kufanya nazo.

Usipige Windows ya kukraki. Najua mitaani ndiyo kawaida. Lakini shule haiwezi kusimama kwenye kitu cha wizi, na zile programu za kukraki mara nyingi huja na virusi ndani yake. Asasi inaweza kuomba kuingia kwenye mpango wa Microsoft wa leseni kwa wakarabati waliosajiliwa. Vinginevyo kuna Linux Mint ya Xfce, toleo lake jepesi, ambayo GB 4 za RAM zinaitosha vizuri, au Lubuntu kwa mashine dhaifu zaidi, pamoja na LibreOffice kwa kazi za ofisi. Wanafunzi huizoea ndani ya siku mbili. Wanaolalamika ni sisi wakubwa.

Shule nyingi hazina bando la kutosha darasa zima, hivyo pakia maarifa kabla ya safari. Kiwix inakuwezesha kusoma Wikipedia bila intaneti, na ile ya Kiswahili inaenea kwenye flashi ya kawaida. Kolibri ina masomo, video na mazoezi, ina lugha ya Kiswahili, na ukiiweka kwenye mashine moja yenye nguvu nyingine zote zinaifungua kupitia mtandao wa ndani.

Andaa mashine moja hadi uridhike kabisa, kisha tengeneza nakala pacha kwa Clonezilla na uimwage kwenye zilizobaki. Baada ya hapo ipe kila moja jina lake na utambulisho wake mpya wa mfumo, la sivyo zote zitajiona ni kompyuta ileile na mtandao utazichanganya.

Kabla gari halijaondoka

Piga hesabu ya umeme na mkuu wa shule, kwa karatasi. Kompyuta ya mezani na kioo chake tuseme wati 120. Zikiwa 20 ni wati 2,400. Soketi yetu ya ampea 13 kwa volti 230 haizidi wati 2,990, na printa ya leza ikipasha joto inaweza kula wati mia kadhaa hadi elfu moja. Sasa fikiria ekstensheni moja ya bei rahisi imebeba vyote hivyo. Nimeikuta ikiwa ya moto mkononi na plastiki imeanza kulainika. Gawa mzigo kwenye soketi tofauti, na fundi umeme ahakikishe waya wa ardhi upo kweli, usiwe tundu tu ukutani.

Kisha LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla. Wati 2,400 kwa saa nne ni uniti 9.6 kwa siku. Laptop 20 za wati 40 ni uniti 3.2. Mkuu wa shule akiziona namba hizo anaamua mwenyewe, na mara nyingi anachagua laptop, ambazo hata umeme ukikatika betri inampa mwanafunzi muda wa kuhifadhi kazi yake.

Fundisha walimu wawili, usifundishe mmoja. Uhamisho unakuja bila hodi. Nilishakuta chumba cha kompyuta kimefungwa miezi minne kwa sababu aliyejua maneno ya siri amehamishiwa mkoa mwingine. Maneno ya siri yaandikwe, yakae kwenye bahasha ofisini kwa mkuu. Na mikono yako ikae mfukoni wakati wa mafunzo: mwalimu ndiye awashe, ndiye abadilishe RAM, ndiye arudishe mfumo kwa ile flashi. Ukimfanyia wewe amekutazama tu.

Waachie boksi la spea: mausi tatu, kibodi mbili, RAM moja, betri za saa tano, flashi yenye nakala pacha, na karatasi ya maelezo kwa Kiswahili yenye namba ya simu ya karakana.

Zilizokufa

Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo ni asilimia 22.3 tu. Kwa hiyo kabla ya kupokea shehena, asasi iwe na mkataba na mchakataji mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira; Nairobi kwa mfano ipo WEEE Centre. Tenganisha betri, bodi, nyaya na vioo kwenye maboksi tofauti, pima kilo, andika. Kataa mzigo ambao zaidi ya nusu yake ni mbovu kabisa, hata kama anayetoa atanuna. Mtu anayekupa taka na kuiita msaada anakuhamishia gharama yake.

Kurudi baada ya miezi mitatu

Safari hii iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, maana ndiyo ya kwanza kukatwa. Nenda na daftari la mapokezi. Hesabu zinazowaka. Soma saa ya kila mashine kama iko sahihi, sikiliza feni, angalia vumbi, uliza ni programu gani inatumika na ipi haijaguswa. Waulize wanafunzi wenyewe, wana majibu tofauti na ya ofisi. Zilizokufa rudi nazo karakanani, shule isiachwe na maiti ya kompyuta chini ya meza, na kwenye lebo ya kila moja uandike kilichoiua. Sisi lebo za mwaka wetu wa kwanza zilituonyesha kwamba kilichoziua zaidi ya kitu kingine chochote ni umeme kuja na kuondoka, ndipo tukaacha kupeleka kompyuta za mezani zisizo na UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme ukikatika.